Kipindi cha dakika tano: jinsi mbwa wa nyumbani anavyofundishika

Mtaani kwetu Goba muuza kahawa husikika kabla hajaonekana. Vikombe viwili vinagongana mkononi mwake, na hapo hapo mate yanajaa mdomoni. Birika bado liko kona ya pili na kashata hujaiona, lakini mwili umeshapokea habari. Hakuna aliyekukalisha chini akakueleza kwamba mlio ule maana yake ni kahawa. Umeusikia mara nyingi, na kila ulipousikia kahawa ilifuata.

Mbwa wangu Tui, jike wa kienyeji mwenye rangi ya tui la nazi, anaujua vivyo hivyo mfuniko wa kopo la plastiki ninamowekea maini. Nikiugusa tu, anachomoka uvunguni mwa gari. Mlio wa geti nao anaujua, na mlio wa bodaboda ya kijana wangu anautofautisha na wa bodaboda nyingine zote zinazopita. Sikumfundisha hata kimoja kati ya hivyo.

Naanzia hapo kwa sababu malalamiko ninayoyasikia kwa wafugaji wa hapa Dar es Salaam yanafanana: mbwa mkaidi, mbwa hasikii, huyu wa kienyeji hafundishiki, wanaofundishika ni wale wa kizungu. Siyapuuzi, maana anayeyasema kwa kawaida amejaribu kweli. Amesimama uani nusu saa nzima akirudia "kaa, kaa, kaa" mpaka koo limemkauka. Lakini nikimwomba anionyeshe anavyofanya, karibu kila mara nagundua kwamba mbwa amejifunza vizuri sana. Ila amejifunza kile alicholipwa, na alicholipwa sicho mwenyewe alichokusudia.

Fundo hili lina nyuzi mbili, na zaidi ya karne moja iliyopita watu wawili walizifungua, kila mmoja na wake. Mrusi Ivan Pavlov alikuwa akichunguza mmeng'enyo wa chakula, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Aliona mbwa wake wanadondosha mate kabla chakula hakijafika, kwa kusikia au kuona tu kile kinachokitangulia. Huo ndio uzi wa muuza kahawa: jambo moja linatabiri jingine. Uzi wa pili aliushika Mmarekani Edward Thorndike. Mwaka 1898 alieleza majaribio ya paka aliokuwa akiwafungia ndani ya visanduku. Paka alihangaika, akaparura na kusukuma, mpaka kwa bahati akagusa kile kinachofungua mlango, akatoka, akala. Alipofungiwa tena na tena mahangaiko yalipungua, na kile kitendo kilichofungua mlango kikaja upesi zaidi. Tendo lililoleta chakula lilibaki, na yale yasiyoleta kitu yakafifia.

Kwa mbwa wa nyumbani nyuzi hizo zinasokotana usiku na mchana, hata wakati wewe umekaa sebuleni unatazama mpira. Mbwa aliyebweka watu wakila, akatupiwa mfupa ili anyamaze, amefundishwa kubweka watu wakila. Mbwa aliyekurukia getini ukamshika kichwa huku unacheka na kumwambia "wee, shuka, utanichafua", amefundishwa kuruka. Maneno yako yalisema kimoja, mikono yako ikasema kingine, na mbwa alisikia mikono. Kwa hiyo kipindi cha mafunzo ni zile dakika chache tu ambazo mwenye mbwa anaamua kuwa makini na jambo linaloendelea siku nzima.

Mcheza kwao hutunzwa

Aliyewahi kuhudhuria taarabu anajua jinsi mwimbaji anavyotunzwa. Shairi likikugusa, unainuka hapo hapo, unasogea kwa madaha mpaka jukwaani, unampa noti yake wakati maneno bado yako mdomoni. Naye anajua ni beti lipi lililokuinua kitini. Ungemtumia hela hiyo hiyo kesho yake kwa simu, angeshukuru, lakini asingejua umependa nini.

Mbwa ni vivyo hivyo, isipokuwa "kesho" yake ni fupi mno. Malipo yakichelewa kupita sekunde moja au mbili, yanaangukia tendo jingine. Hebu tazama kwa karibu. Unasema "kaa". Mbwa anakaa. Unaingiza mkono mfukoni kutafuta kipande cha ini, mfuko wa nailoni umejikunja, unahangaika nao. Mbwa kaona mkono mfukoni, kainuka, kakuwekea miguu ya mbele tumboni. Hapo ndipo kipande kinapopatikana, na kwa kuwa alikaa kweli unaona si haki kumnyima, basi unampa. Kwa hesabu ya mbwa, umelipia kuinuka na kukurukia. Rudia hivyo mara ishirini, utapata mbwa anayekaa nusu sekunde kisha anaruka, na utamwita mkaidi.

Dawa yake ni kuwa na mlio mmoja mfupi, unaotolewa sekunde ile ile tendo linapotimia, na ambao mbwa ameshajua kwamba malipo yanafuata. Mlio ule unamwambia: hilo hapo, ndilo ninalolilipia. Ukishautoa unaweza kuchelewa kidogo kufungua mfuko, kwa sababu beti limeshatajwa. Wengine hununua kidude cha kubonyeza kinacholia "tak". Mimi nagonga ulimi kwenye kaakaa, maana ulimi siwezi kuusahau nyumbani. Neno fupi nalo linafaa, ila lisiwe "sawa" wala "haya", kwa kuwa maneno hayo tunayasema mara mia kwa siku na mbwa atayapuuza. Kuufundisha mlio wenyewe ni kazi ya siku mbili: unautoa, unampa kipande, unautoa, unampa kipande, mara kumi, bila kumwomba chochote. Siku atakapogeuza kichwa kukutazama mara tu aliposikia, mlio umeingia.

Anayeona kwamba huu ni mchezo wa matajiri wa ng'ambo, atazame Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Wanafundishwa kwa njia hii hii: mlio, kisha chakula, tangu wakiwa wadogo. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akafichua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Panya hakuchapwa fimbo, wala hakuna aliyemwonyesha nani bosi. Nikisikia mtu anasema mbwa wa kienyeji hana akili ya kufundishika, namkumbuka panyabuku yule.

Maini, firigisi, dagaa

Malipo ni kile mbwa anachokitaka, si kile unachoona angepaswa kukitaka. Kumpapasa kichwa kunawafurahisha mbwa wachache kuliko tunavyodhani. Wengi hukwepa mkono unaowajia kwa juu. Mimi nanunua ini la ng'ombe robo kilo, nalichemsha bila chumvi wala kitunguu mpaka likauke, nalikata vipande vidogo kama punje ya harage. Robo hiyo inatoa vipande zaidi ya 100, na vingine nagandisha. Firigisi inafaa pia, na dagaa wakavu wanafaa sana ukiwaloweka kwanza ili chumvi na mchanga vitoke. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti na zabibu nazo ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, basi hiyo nayo achana nayo. Na vipande vya mafunzo vihesabiwe kama chakula: visizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku, na sahani ya jioni ipungue kidogo.

Bei ya malipo nayo inapanda kadiri kazi inavyokuwa ngumu. Ndani ya uzio, asubuhi kukiwa kimya, Tui anafanya kazi kwa kipande cha ugali mkavu. Getini bajaji zikipita anadai ini. Sioni ubaya wake. Hata fundi ukimwita Jumapili usiku anaongeza bei.

Dakika tano zenyewe

Saa ina maana kubwa katika jiji letu. Mbwa hutoa jasho kidogo tu kwenye nyayo. Anapoa kwa kuhema, na kuhema hakusaidii sana pale hewa yenyewe imejaa unyevu. Kuanzia Januari hadi Machi, saa 5 asubuhi tayari ni kumtesa. Mimi nafundisha saa 12 na nusu asubuhi, au jioni jua likishatua, mahali penye kivuli na maji ya kunywa. Kama mnatoka barabarani, weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuuacha hapo, nyayo za mbwa nazo zitaungua.

Nahesabu vipande 15 tu, naviweka kwenye bakuli juu ya ukuta mfupi, mbali na pua yake. Vipande ndiyo saa yangu: vikiisha, kipindi kimeisha, kama ni dakika tatu au tano. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anachoka hata kabla ya hapo. Vipindi viwili au vitatu vya namna hiyo kwa siku vinashinda saa nzima ya Jumamosi, na hata mtu anayeshuka daladala saa 2 usiku anaweza kuvipata.

Chukua somo la kukaa, ambalo karibu wote huanza nalo. Kipande cha ini kiko kati ya vidole, karibu kabisa na pua ya mbwa. Mkono unapanda taratibu na kurudi nyuma kidogo juu ya kichwa chake. Pua inafuata, kichwa kinainuka, na kwa jinsi uti wa mgongo ulivyoumbwa makalio yanashuka. Yakigusa chini, mlio, kipande. Mbwa akirudi kinyumenyume badala ya kukaa, mkono umeenda juu mno au haraka mno. Mfanyie karibu na ukuta. Ukifanya hivyo mara tano, mara ya sita mkono unafanya safari ile ile ukiwa mtupu, na kipande kinatoka kwenye bakuli baada ya mlio. Hili la mkono mtupu wengi hulisahau, kisha miezi miwili baadaye wanashangaa kwamba mbwa anakaa pale tu anapoona ini.

Umeona kwamba mpaka sasa sijasema neno lolote. Neno linaingia mwisho, siku ambayo mkono ukipanda unaweza kuweka dau kwamba atakaa. Hapo unasema "kaa" mara moja, unanyamaza kidogo, kisha mkono unapanda. Neno linatangulia mkono kama vikombe vinavyotangulia kahawa, na baada ya siku chache mbwa haungoji mkono. Ukilianza neno mapema, wakati mbwa bado anazungukazunguka na kunusa nyasi, "kaa" itakuwa ni jina la kuzunguka na kunusa nyasi. Na ukilirudia mara nne ndipo akae, jina la kukaa litakuwa "kaa kaa kaa kaa".

Utajuaje muda wa kusonga mbele? Mimi natumia hesabu ya vidole vya mkono mmoja. Akipatia mara nne au tano kati ya tano, naongeza ugumu. Akipatia tatu, nabaki hapo hapo. Chini ya hapo nimemdai asichokiweza, narudi hatua moja nyuma, na simlaumu. Ugumu wenyewe una milango mitatu: muda anaokaa, umbali nilipo, na vishawishi vilivyopo. Nafungua mmoja tu kwa wakati. Nikitaka akae sekunde kumi, nasimama karibu naye na geti limefungwa. Nikianza kurudi nyuma hatua tano, nakubali sekunde mbili. Kuku wa jirani akiingia uani, nasahau muda na umbali na kushukuru kwa kukaa kokote. Mbwa wengi wanaoitwa wakaidi wamefunguliwa milango yote mitatu siku moja: wamejua kukaa jikoni, wakapelekwa Coco Beach Jumapili jioni kwenye mihogo, mishikaki na mipira ya watoto, wakaambiwa wakae na wabaki. Mbwa hajui kwamba "kaa" ya jikoni ndiyo "kaa" ya ufukweni mpaka aonyeshwe huko nako, kwa kuanza upya na rahisi.

Kipindi kinaisha mbwa akiwa bado anakitaka. Hapa ndipo ninapowaona hata watu wenye subira wakiteleza. Mbwa amepatia vizuri, furaha imempanda mwenyewe, anasema "mara moja tena", kisha mara moja tena, mpaka mbwa anachoka, anakosea, na kumbukumbu ya mwisho ya siku ni kukosea. Mbwa aliyechoka hukuambia mapema ukimtazama: anapiga miayo wakati si wa usingizi, anajilamba pua, anageuza uso pembeni, anaanza kunusa ardhi kana kwamba amepoteza kitu. Zichukue dalili hizo kama ombi la kupumzika. Mwombe kitu kimoja anachokijua kabisa, mlipe, sema "imetosha" kwa sauti ile ile kila siku, mwache acheze.

Neno moja, nyumba nzima

Nyumba zetu zina watu wengi, na kila mtu ana Kiswahili chake. Bibi anasema "kaa chini", baba anatumia Kiingereza cha kwenye sinema, watoto wanasema "keti", na dada wa kazi, ambaye ndiye anayemlisha na ndiye anayesikilizwa kuliko wote, hakuambiwa chochote. Kaeni jioni moja mkubaliane maneno matano au sita, yaandikwe kwenye karatasi mlangoni. Yasifanane kwa mlio. Ndugu yangu mmoja alimpa mbwa wake jina la Njoro, na kila alipoitwa tu jina mbwa alikuja mbio akidhani ni "njoo".

Hilo la "njoo" naliomba lichungwe kuliko maneno yote, kwa sababu ndilo litakalomwokoa siku geti likisahaulika wazi na barabara iko jirani. Niliwahi kuliharibu mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimwita Tui, akaja, nikamfunga kamba. Kila alipoharibu kitu nilimwita, akaja, nikamgombeza. Baada ya wiki chache alianza kusimama hatua kumi kutoka kwangu na kunitazama. Alikuwa amehesabu vizuri: "njoo" maana yake uhuru umekwisha. Nililiacha neno lile kabisa, nikachagua jipya, "hapa", nikalipia kila mara kwa ini na kumwachia huru tena baada ya kumlipa, kwa wiki kama sita. Kumfunga nikawa namfuata mwenyewe alipo. Leo "hapa" inamgeuza hata akimkimbilia paka.

Fimbo

Siwezi kuikwepa mada hii, maana fimbo bado ndiyo mwalimu wa mbwa wengi jijini. Kabla ya Tui nilikuwa na dume anaitwa Chui, na nilimlipa mtu aliyejitangaza kuwa fundi wa kufundisha mbwa. Alikuja na mnyororo wa kukaba na kiboko. Baada ya wiki mbili Chui alikuwa anakaa kwa kuambiwa, nami nikafurahi. Kisha nikaona kwamba mwanaume yeyote mwenye kofia akiingia getini, Chui anajikojolea. Fundi yule alikuwa akivaa kofia. Ule uzi wa muuza kahawa haukuwa umelala: wakati Chui anajifunza kukaa, alikuwa pia anajifunza kofia inatabiri nini. Ilinichukua miezi mingi ya kumtupia nyama kila kofia ilipopita, na hakurudi kikamilifu.

Maumivu huzuia tendo, sibishi. Lakini hayamwambii mbwa afanye nini badala yake, na hufunga hofu kwa yeyote aliyekuwa karibu, wakiwemo watoto. Kibaya zaidi ni kumpiga mbwa anayeunguruma. Kuunguruma ni onyo lake, njia yake ya kusema "sipendi, sogea". Akichapwa ataacha kuonya, na siku hofu ikimzidi atauma kimya kimya.

Na lile tunalosema, "tazama uso wake, anajua kabisa amekosa"? Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio ambamo wenye mbwa waliambiwa, wakati mwingine kweli na wakati mwingine si kweli, kwamba mbwa wao amekula kitu alichokatazwa. Sura ile ya hatia ilitokea zaidi pale mwenye mbwa alipogomba, awe mbwa amekula au hakula. Anachokijibu ni uso wako, kwa hiyo kumchapa saa 12 jioni kwa kiatu alichotafuna saa 4 asubuhi kunamfundisha tu kuogopa unaporudi nyumbani.

Kinachofanya kazi ni kuondoa malipo na kulipia tendo jingine. Anayeruka wageni: mgeuzie mgongo, mikono kifuani, macho juu, miguu yake minne ikigusa chini, mlio na kipande. Jiandae, maana siku mbili tatu za mwanzo ataruka zaidi kuliko awali. Njia iliyomlipa muda wote imefungwa ghafla, anaisukuma kwa nguvu, kama wewe unavyobonyeza swichi mara tano taa isipowaka. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kumshika, na hapo ndipo anapojifunza kwamba inabidi kuruka zaidi.

Mbwa wa ulinzi

Wengi hapa wanafuga kwa ajili ya wezi, na hofu yao ni kwamba mbwa akichezewa na kulishwa mkononi atakuwa laini. Hivyo anafungiwa bandani mchana kutwa, anafunguliwa usiku, na wapo wanaompa pilipili awe mkali, ambayo haimpi kitu zaidi ya maumivu ya tumbo. Mbwa hubweka mgeni bila kufundishwa. Asichokijua ni kunyamaza anapoambiwa na kumtofautisha mgeni aliyekaribishwa. Hayo ndiyo mafunzo. Hata mbwa wa polisi wanaonusa dawa za kulevya na vilipuzi, wengi hufanya kazi kwa malipo ya mpira wa kuchezea. Ukali unaotokana na kufungiwa ni hofu, na hofu haichagui mwizi. Inaweza kumwangukia mtoto wako aliyetoka bweni na kubadilika sauti.

Msingi wa hilo ni umri. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 hadi 14 hivi, ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi kupokea yepi ni ya kawaida duniani: watu wa kila umri, miavuli, bodaboda, mwanamke aliyevaa buibui, mtu mwenye mkongojo. Muda huo hapaswi kukanyaga mahali mbwa wasiochanjwa wanapopita, basi mbebe mikononi, mketi naye kibarazani, kila kipya kikipita apate kipande. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanzia miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka, na daktari wa mifugo atakupangia nyingine.

Jirani yangu wa nyumba ya tatu ni mzee anayepita getini kwangu kila magharibi akienda msikitini. Mwanzoni Tui alikuwa akimkimbilia kwa furaha. Siku moja mzee alisimama mbali akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mbwa wako simchukii. Lakini akinigusa kwa ulimi, mimi narudi nyumbani." Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Dini hiyo hiyo inamtambua mbwa aliyefundishwa: Surat Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la wanyama waliofundishwa kuwinda, na wanazuoni wakaeleza aliyefundishwa ni yupi. Akitumwa huenda, akizuiwa husimama, akikamata hali. Sijasikia maelezo mafupi na bora kuliko hayo ya kazi tunayoifanya uani.

Nikaanza na Tui upya, getini. Wiki ya kwanza tulikaa hatua ishirini ndani, kila kanzu ikipita anapata ini kwa kunitazama tu. Wiki ya pili hatua kumi na tano. Siku mvua ilipokatika na watu wakapita kwa wingi, alishindwa mara tatu kati ya tano, tukarudi ishirini. Wiki ya saba tulikuwa hatua mbili kutoka getini, kamba imelegea mkononi mwangu, vipande vinne vimebaki kwenye bakuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu." Akapunguza mwendo. Tui alimtazama, mkia ukifagia vumbi, makalio yakanyanyuka kidogo. Kisha yakashuka, akageuza kichwa kunitazama mimi. Niligonga ulimi. Mzee aliusikia mlio, akatabasamu, akaendelea na safari yake, nami nikampa Tui vipande vyote vinne, kimoja kimoja.